Sura ya Tatu: Kosa la Nani?

Ndege ya B-17 ilisifika kwa ugumu. Katika Vita vya Pili vya Dunia ilirudi kambini na matundu ya risasi mbavuni, mkia umechanika, injini moja imezima, na bado ikatua. Halafu, ikiwa imeshagusa ardhi na inakimbia kwenye njia yake, rubani anakunja magurudumu. Ndege inalala kwa tumbo na panga za injini zinajikunja kwenye lami. Ilitokea tena na tena, na kwa marubani wazuri. Ripoti zilijazwa maneno ambayo wakubwa huyapenda kwa sababu yanafunga mjadala: kosa la rubani.

Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana aliyepangiwa kazi kwenye maabara ya jeshi la anga huko Wright Field, Ohio, aliuliza swali ambalo ripoti hazikuuliza. Mbona marubani wa ndege nyingine, kama C-47, hawana ugonjwa huu? Wazembe wote walipangwa B-17? Akaenda kukitazama chumba cha rubani. Swichi ya kukunja magurudumu na swichi ya kurudisha vibawa, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ili ndege itue kwa mwendo mdogo, zilikuwa bega kwa bega, umbo moja, ukubwa mmoja. Rubani amechoka, macho yake yako mbele, anapeleka mkono kurudisha vibawa kama alivyofundishwa. Mkono unashika swichi ya jirani.

Chapanis hakuandika waraka wa kuwataka marubani wawe makini zaidi. Aliweka kigurudumu kidogo cha mpira kwenye mkono wa magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye mkono wa vibawa, ili vidole vijue vimeshika nini hata gizani. Ajali za namna ile zikakoma, na kanuni za ndege hadi leo zinadai mikono hiyo miwili iwe na maumbo tofauti. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichapisha uchambuzi wa visa 460 vilivyokuwa vikiitwa makosa ya rubani. Karibu nusu vilikuwa vya aina hiyohiyo: mtu ameshika kidhibiti kimoja akidhani ni kingine.

Naanza na ndege kwa sababu wengi wetu tunadhani usanifu wa kiolesura, yaani ule uso ambao mashine humwonyesha anayeitumia, ni kazi ya kupaka rangi. Wahandisi wakishamaliza kazi yenyewe, anaitwa kijana mwenye jicho zuri achague vitufe viwe vya buluu au kijani. Fani hii haikuzaliwa kwenye urembo. Ilizaliwa kwenye mabaki ya ndege, na swali lake la kwanza lilikuwa la haki: nani alaumiwe? Msimamo wangu katika sura hii ni mmoja. Ukiona kosa lilelile linafanywa na watu wengi wasiojuana, acha kumtafuta mkosaji miongoni mwao. Nenda kwa aliyechora.

* * *

Saa kumi alfajiri ya Machi 28, 1979, kwenye mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikagoma kujifunga. Maji ya kupoza kinu yakaanza kutoka. Mbele ya waendeshaji palikuwa na taa ya vali hiyo, nayo ilikuwa imezima. Wakasoma kile ambacho mtu yeyote angesoma: vali imefungwa. Kumbe taa haikuunganishwa na vali. Ilionyesha tu kama umeme wa kuiamuru unapita. Amri ya kufunga ilikuwa imeshatoka, ndiyo maana taa ilizima, lakini vali yenyewe ilibaki wazi kwa zaidi ya saa mbili, huku ving'ora zaidi ya 100 vikilia kwa pamoja bila kuonyesha kipi ni kizito na kipi ni chepesi. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Donald Norman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, alikuwa miongoni mwa walioitwa kuchunguza kilichowapoteza wale waendeshaji. Alikuta watu wenye akili zao, waliofanya uamuzi wa busara kwa taarifa waliyopewa. Mwaka 1988 alitoa kitabu kinachojulikana leo kama The Design of Everyday Things, kilichowafanya watu waanze kutazama milango, majiko na mabomba ya bafuni kwa hasira. Mlango unaohitaji kibandiko cha kuambia watu wavute au wasukume, kwa maoni yake, umeshashindwa kazi.

Taa ya Three Mile Island bado inawaka na kuzima mifukoni mwetu. "Ombi lako linashughulikiwa." Limeshughulikiwa au bado? Umenunua umeme, salio limepungua, tokeni haijaja. Unasubiri, unanunua tena, mara zinaingia tokeni mbili kwa mpigo na hela ya mboga imekwisha. Ule ujumbe ulikuwa unasimulia amri, na wewe ulitaka habari za vali. Mashine ikijua pesa imetoka lakini tokeni haijatengenezwa, iseme hivyohivyo, kwa maneno hayohayo.

Ndiyo maana jambo ninalolisifu kwanza katika huduma za pesa kwa simu si menyu zake. Ni ule ujumbe mfupi unaoingia baada ya muamala: namba ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa, salio lililobaki. Unaingia kwa aliyetuma na unaingia kwa aliyepokea. Wakala hagusi noti mpaka simu yake ilie. Unaweza kuwa na haraka, unaweza kuwa shemeji yake, atakuambia "subiri meseji". Kiolesura kilichojenga imani ya mamilioni ya watu wasiowahi kuingia benki ni mistari michache ya maandishi isiyo na picha hata moja.

Kusubiri nako kuna hesabu zake. Tangu uchunguzi wa Robert Miller mwaka 1968, uliotiwa nguvu na Jakob Nielsen mwaka 1993, wasanifu wanafanya kazi na vipimo vitatu: sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu anahisi mashine imemjibu papo hapo, sekunde moja, anahisi kuchelewa lakini wazo lake halijakatika, sekunde 10, ameshahamia kwenye jambo jingine. Zaidi ya hapo mwambie kinachoendelea. Kioo kilichokaa kimya humwalika mtu abonyeze tena.

* * *

Nchi zetu zina mfano mkubwa wa fani hii, na ulianza kabla simu janja hazijafika mikononi mwa wengi. Oktoba 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone walianza majaribio Nairobi na Thika, sehemu ya fedha ikitoka serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa la kawaida kabisa: wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu walipe marejesho yao kwa simu. Wateja hawakufika 500. Baada ya muda waendeshaji wakaona mambo ambayo hawakuyapanga. Watu walikuwa wakitumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka pesa mjini asubuhi, wakapanda basi mifuko ikiwa mitupu, wakaitoa walikofika, kwa sababu barabarani kuna wezi.

Timu nyingine ingewaandikia wateja mwongozo wa matumizi sahihi. Wale walifanya kinyume: marejesho ya mikopo yakawekwa kando, na M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007 ilitangazwa kwa jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Katika vitabu vya usanifu hili huitwa utafiti wa watumiaji. Kwa lugha nyepesi, walitazama watu wanafanya nini na chombo, wakaamini walichokiona kuliko walichokiandika.

Chombo chenyewe kilikuwa kidogo mno. Menyu ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi kwenye simu yoyote, hata kitochi cha bei ya chini. Kioo hakikuwa na nafasi ya kuuliza mambo matatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo iliuliza moja moja: namba ya simu, kiasi, namba ya siri. Miaka kadhaa baadaye wasanifu wa huduma za mtandaoni za serikali ya Uingereza walikuja kuhimiza jambo hilohilo, swali moja kwa ukurasa mmoja. Kwao ilikuwa kanuni. Kwa M-Pesa ulikuwa ufinyu, lakini ufinyu uliomfaa mtumiaji. Nimeona programu za simu janja za huduma hizihizi zikipoteza sifa hiyo mara tu zilipopata kioo kikubwa: unafungua kutuma elfu tano kwa mama, unakutana na tangazo la bima, michezo ya kubahatisha, mkopo wa haraka na picha ya mchezaji mpira.

Hata hivyo, menyu ya nyota na reli, ile inayofunguliwa kwa kupiga namba yenye alama hizo, ina mateso yake. Ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182. Kikao kinaendeshwa na mtandao na muda wake ni mfupi. Ukichelewa kusoma, kinafungwa nawe unarudishwa mwanzo. Hapo ndipo usanifu unapokutana na mtu halisi. Kaa nusu saa kwenye kibanda cha wakala, chini ya mwavuli, siku ya mnada, na utasikia mazungumzo ya namna hii:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nitolee elfu ishirini."

"Haya. Hapa weka namba yako ya siri, bibi, mimi sitazami."

"Mimi hivyo vidude sivioni. Weka wewe."

"Bibi, ni siri hiyo."

"Siri gani baina yangu na wewe? Weka tu, ni mwaka wa uhuru."

Foleni nzima imesikia. Mtaalamu wa usalama akipewa kisa hiki atasema tunahitaji kampeni ya elimu kwa umma, na kampeni itafanyika, na mabango yatabandikwa kwenye kibanda hichohicho. Lakini tazama alichopewa yule bibi. Herufi ndogo kwenye kioo kilichochakaa, jua la saa sita likimulika juu yake. Namba nne zinazogeuka nyota kila anapobonyeza, kwa hiyo hajui kama kidole chake kimegonga mara moja au mbili. Kikao kinachofungwa akitafuta miwani. Na onyo kwamba akikosea mara chache laini itafungiwa, aanze safari ya kwenda mjini na kitambulisho. Mtu mwenye akili, akiwekewa masharti hayo, anamkabidhi simu kijana anayemwamini. Bibi amepima hatari mbili na kuchagua ndogo.

Larry Tesler, mmoja wa watu waliotupa kukata, kunakili na kubandika walipokuwa Xerox katika miaka ya 1970, alijenga hoja ambayo naiona imeeleza kibanda kile vizuri kuliko ripoti nyingi. Kila kazi ina kiasi chake cha utata usiopungua, na swali ni nani ataubeba: aliyetengeneza mashine au anayeitumia. Kwetu akapatikana wa tatu. Utata wa pesa za simu ulihamishiwa kwa wakala. Yeye ndiye anayekagua kitambulisho, anaandika kwenye daftari, anamkumbusha mteja kuongeza ya kutolea, anasoma ujumbe kwa sauti, anatania, anatuliza. Analipwa kamisheni ndogo kwa muamala. Anayechora ramani ya safari ya mtumiaji wa huduma hizi akaishia kwenye kioo cha simu ameiacha nje nusu ya kiolesura, ile yenye kiti cha plastiki.

Kwenye kibanda hichohicho utakutana na watu wasiosoma kabisa ambao wanatuma pesa bila msaada. Hawasomi menyu. Wameikariri njia kwa vidole: namba ya mwanzo, moja, moja, halafu namba ya kijana wao ambayo nayo wanaijua kwa kichwa. Menyu kwao ni mpangilio wa hatua, na maneno yaliyoandikwa pale ni mapambo. Sasa siku moja ofisi fulani mjini inaamua huduma mpya ya mikopo inastahili nafasi ya kwanza. Kinachobadilika kwenye kompyuta ya ofisini ni mstari mmoja. Kinachobadilika huku ni kwamba mtu aliyekuwa anajitegemea amekuwa tegemezi usiku mmoja, na hakuna aliyemwambia. Wasanifu wanapozungumzia uthabiti, kwamba kitu kikae kilipo na kifanye kilichofanya jana, wengi wanafikiria rangi na maumbo ya vitufe. Mimi namfikiria yeye. Huduma mpya iwekwe mwisho wa orodha hata kama bosi wa masoko atanuna.

* * *

Kosa kubwa kuliko yote katika huduma hizi ni la tarakimu moja. Namba ya simu ina tarakimu 10, unakosea moja, na ada ya shule imekwenda kwa mtu usiyemjua. Huko mwanzoni mashine ilikuwa ikijitetea kwa swali lililozoeleka: tuma kiasi hiki kwenda namba hii, ndiyo au hapana? Watu walibonyeza ndiyo. Wangekuwa wamejua wamekosea wasingefika hapo. Swali linalokuja kila mara, na ambalo jibu lake mara zote huwa ndiyo, halisomwi. Kidole kinalijibu kabla ya macho.

Hawaii waliliona hilo kwa ukubwa wa kutisha. Januari 13, 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za kisiwa hadi kisiwa zilipokea tahadhari kwamba kombora linakuja, watu wajifiche, na kwamba hayo si mazoezi. Watu waliingiza watoto kwenye mashimo ya maji ya mvua, wakaagana kwa simu. Hakukuwa na kombora. Siku za mwanzo dunia iliambiwa mfanyakazi alichagua mstari usio wake kwenye menyu iliyochanganya majaribio na tahadhari za kweli, na picha za menyu hiyo mbovu zikasambaa. Uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani ukaleta habari ngumu zaidi: mfanyakazi mwenyewe alisema aliamini shambulio ni la kweli, kwa sababu hakusikia vizuri kwamba yalikuwa mazoezi. Programu ilimuuliza kama ana uhakika anataka kutuma. Alikuwa na uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Kwa hiyo usipotee kwenye menyu. Kilichonishangaza mimi ni dakika 38. Ndivyo ilivyochukua muda hadi ujumbe wa kukanusha kutoka kwa njia ileile, kwa sababu tahadhari ilikuwa na maandishi yaliyokaa tayari na kukanusha hakukuwa na kitu. Ilibidi uandikwe papo hapo na watu wanaotetemeka. Gavana wa jimbo alikiri baadaye kwamba alishindwa kuwahi kuwajulisha watu kupitia Twitter kwa sababu hakujua jina la mtumiaji na nywila ya akaunti yake. Mfumo ulikuwa na mlango wa kuingilia tu. Baada ya hapo wakaweka utaratibu wa watu wawili kuidhinisha kila tahadhari, na maandishi ya kukanusha yakaandaliwa mapema.

Mambo mawili yanatoka hapo, na yote mawili yalishajibiwa Nairobi kwa namna yake. La kwanza, ukitaka mtu athibitishe, usimrudishie alichoandika. Mwonyeshe kitu ambacho hakukiandika. Safaricom ilipoleta Hakikisha, mtumaji alianza kuona jina la anayepelekewa pesa, na akapewa sekunde chache za kuusitisha muamala. Leo kuonyesha jina kabla ya kukamilisha ni jambo la kawaida kwenye mitandao mingi ya Afrika Mashariki. Tarakimu 10 zote zinafanana machoni, lakini hakuna asiyeshtuka akiona pesa za Mwanaisha zinakwenda kwa Onyango. Ni kigurudumu cha mpira cha Chapanis, safari hii kimetengenezwa kwa jina. Hata wale matapeli wa Tanzania wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamepata kizuizi, japo wao nao wakaanza kuandika mapema jina litakalotokea. La pili ni muda wa kujirudi. Watu hugundua makosa yao mara tu baada ya kuyafanya, wala si kabla, na kila msanifu anapaswa kupanga kazi yake kwa kufuata ukweli huo wa kukera. Kitufe cha kutengua kinawafaa watu kuliko maswali 10 ya kama wana uhakika.

Suluhisho hilo halikuja bure. Jina linaloonyeshwa kwa mtumaji mwema linaonyeshwa pia kwa yeyote mwenye namba yako: dereva wa bodaboda, mteja msumbufu, kijana aliyekuomba namba stendi. Anaanza muamala, anasoma majina yako kamili, anaughairi. Dada wengi wanaijua hila hii kuliko wasanifu wanavyoijua. Sijawahi kuona uamuzi wa usanifu usiomgharimu mtu, na ninamshuku anayeniambia wa kwake haukumgharimu yeyote.

Kisa cha Palm Beach, Florida, kinaonyesha hilo vizuri, na nitakipita haraka kwa kuwa kimesimuliwa sana. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2000 msimamizi wa uchaguzi wa kaunti hiyo, yenye wazee wengi, alitaka herufi ziwe kubwa ili wasome vizuri. Herufi kubwa hazikuenea ukurasa mmoja, majina yakagawanywa kulia na kushoto, na matundu ya kutoboa kura yakapangwa katikati. Upande wa kushoto Al Gore alikuwa jina la pili, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan wa upande wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Buchanan akapata kura 3,407 katika kaunti ambayo hata yeye alikiri nyingi hazikuwa zake. George W. Bush alishinda jimbo zima, na kwa jimbo hilo urais, kwa tofauti ya kura 537. Chanzo kilikuwa huruma kwa wazee. Kilichokosekana ni kuwapa wazee wachache karatasi hiyo waitoboe, kukaa pembeni, na kutazama.

Kutazama kwenyewe ni rahisi mno, na ndiyo sababu wengi wanakukwepa. Nielsen alipendekeza mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kwa duru moja ya majaribio, maana wa sita ataanza kukuonyesha yaleyale. Wataalamu wamebishana naye juu ya hesabu, lakini asiyetazama yeyote hana la kubishana. Mpe mtu kazi ya kweli: mtumie dada yako elfu kumi, pamoja na ya kutolea. Kisha nyamaza. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu aliyetengeneza kitu hawezi kuvumilia kumwona mtu akihangaika nacho. Ulimi unawasha, kidole kinataka kuonyesha. Usionyeshe. Siku bidhaa itakapotoka hutakuwa umekaa pembeni ya kila mteja. Tena usichague wafanyakazi wenzako wenye simu mpya chini ya kiyoyozi. Mtafute mwenye kioo kilichopasuka, anayeshika simu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto, bando likiwa linakaribia kukata.

* * *

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila kosa la usanifu ni bahati mbaya. Kuna mengine hufanywa kwa makusudi, na mtu akikosea kuna anayepata faida.

Kila mwenye laini ya simu anaijua hali hii: salio linapungua kidogo kidogo, unauliza, unaambiwa umejiunga na huduma ya vichekesho au dondoo za mapenzi. Ulijiunga lini? Ulibonyeza 1 kwenye ujumbe uliojitokeza wenyewe kiooni wakati unapiga namba. Kujiunga kulihitaji kubonyeza mara moja. Kujitoa kunahitaji neno maalumu, kwenda namba maalumu, na vyote viwili viliandikwa kwenye ujumbe ulioufuta zamani. Mtu aliyechora njia hiyo ana ujuzi uleule ninaousifia katika sura hii. Anajua kidole kinakwenda wapi kabla ya macho, na amekisubiri hapo.

Harry Brignull, msanifu wa Uingereza, alianza mwaka 2010 kukusanya na kuyapa majina mbinu za aina hii, na sheria zimeanza kumfuata. Juni 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon ikidai iliwasajili watu kwenye huduma yake ya Prime bila ridhaa ya kweli, kisha ikawachosha walipotaka kutoka. Kwa mujibu wa mashtaka, ndani ya kampuni njia ya kujitoa ilipewa jina la Iliad, utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita visivyoisha. Aliyeibatiza njia hiyo jina hilo alikuwa anajua vizuri alichokijenga. Septemba 2025 kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa dola bilioni 2.5, nyingi zikiwa za kuwarudishia wateja, bila kukiri kosa. Miongoni mwa masharti iliyoyakubali, mbali na mabilioni, ni kuweka kwenye ukurasa kitufe kinachoonekana vizuri cha kusema hapana.